Maonesho ya Ajira: Tusiende Mikono Mitupu

Kila yanapotangazwa maonesho ya ajira, vijana wetu wa Pemba huondoka kwa makundi. Wengine hupanda boti Mkoani kwenda Unguja kwa nauli iliyochangwa na wazazi, kisha hurejea na neno moja: "Kazi wamepeana wenyewe kwa wenyewe." Hatukatai kuwa upendeleo upo, nao ni dhulma. Lakini tuwe wakweli. Baadhi yao waliacha bahasha ya vyeti juu ya meza, wakapokea kalamu za bure, wakaondoka bila ya kumuuliza mtu jambo lolote.

Ndugu Waislamu, kisiwa chenye watu 543,441 kwa sensa ya mwaka 2022 hakiwezi kuegemea karafuu na ajira ya serikali peke yake. Maonesho haya ni fursa, ila si ghala la kugaiwa kazi. Ni mahali pa kujuana: mwajiri akutazame, nawe umtazame.

Tuzingatie kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Suratul Qasas. Aliingia Madyan akiwa mkimbizi, hana jamaa wala mali. Akawanyweshea wanyama wasichana wawili, kisha akakaa kivulini. Kazi ilimjia baadaye, na sifa zilizotajwa mbele ya baba yao zilikuwa nguvu na uaminifu. Kabla ya kuanza, masharti yakawekwa wazi: miaka minane, na kutimiza kumi ni kwa hiari yake. Humo mna mafunzo matatu.

La kwanza ni kuonesha unalolijua. Kijana huandika "sina uzoefu" ilhali amesimamia wachumaji wa karafuu wa baba yake, akapima pishi zao, akaweka hesabu za malipo na kupeleka mzigo ZSTC. Huo ni uzoefu. Binti aliyelima na kuuza mwani anajua biashara. Aliyehitimu Kituo cha Mafunzo ya Amali Vitongoji ana fani mkononi. Haya yaandikwe katika wasifu mfupi, na yasemwe bila ya kuona haya. Kabla ya safari, tafuta orodha ya taasisi zitakazoshiriki, chagua nne au tano, ujue zinafanya kazi gani. Ukifika, uliza: mnahitaji fani ipi, lini, na mimi nimepungukiwa na nini? Jibu la swali hili la mwisho hufidia nauli hata kama kazi haikupatikana. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Andika jina la uliyezungumza naye, na kabla ya wiki kwisha mwandikie kumshukuru na kumkumbusha.

La pili ni uaminifu. Cheti cha kughushi, au kudai lugha usiyoijua, hufichuka mara uanzapo kazi, na humchafulia jina hata jirani yako atakayeomba mwakani.

La tatu ni masharti. Mshahara, saa za kazi, mapumziko na nafasi ya sala huulizwa kabla ya kutia saini. Wapo mawakala wanaotafuta mabinti wa kazi za ndani Oman na nchi jirani zake. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za wanawake wa Kitanzania huko walionyang'anywa pasi na kunyimwa mishahara. Basi asiondoke mtu kwa ahadi ya mdomo. Mkataba usomwe nyumbani mbele ya wazazi, na wakala aulizwe habari zake Kamisheni ya Kazi. Anayedai fedha ili akupatie nafasi, muepuke.

Jukumu hili si la vijana peke yao. Katika kila msikiti wetu wamo walimu, wauguzi, mafundi na wafanyabiashara. Wakae na vijana baada ya sala ya Ijumaa, wawasomee wasifu, wawahoji kama watakavyohojiwa. Na kila anayerejea awaeleze wenzake alichokiona na alichoulizwa, ili anayefuata asianze upya. Tukifanya hivyo, nauli ya mmoja itakuwa imewasafirisha wengi.

Wabillahi tawfiq.