Kabla hujamnunulia mtoto mashine ya gemu

Mzazi mwenzangu, mtoto akikutajia Nintendo Switch 2, usiishie kuuliza bei ya mashine. Ilipoingia sokoni Marekani Juni 2025 ilikuwa dola 449.99, na gemu ya Mario Kart World peke yake dola 79.99. Hapo bado usafiri na ushuru.

Wengi hunaswa kwenye nafasi ya kuhifadhi gemu. Mashine ina GB 256, mara 8 ya Switch ya kwanza ya 2017. Ni nyingi, lakini gemu za sasa ni nzito, na memori kadi mliyonayo nyumbani haitahifadhi gemu zake. Inataka microSD Express, ambayo ni ghali zaidi. Soma pia kasha la gemu: baadhi ya kadi ni ufunguo tu, gemu yenyewe unaipakua kwa intaneti. Kwa nyumba inayoishi kwa bando, hiyo ni gharama nyingine.

Chaji? Kampuni inasema saa 2 hadi 6 na nusu. Switch ya OLED, ya 2021, hukaa saa 4 na nusu hadi 9. (Kwangu ikizima mapema si hasara, inaniokoa na ugomvi wa "zima ukalale".)

Mtoto anayeanza, mimi ningemtafutia OLED iliyotumika vizuri. Kadi zake nyingi zitachezeka kwenye Switch 2 siku mkiinunua.