Mkulima na Adui Zake: Hesabu ya Panya Wasioonekana

Wazee husema kwamba panya wengi hawachimbi shimo. Neno hilo ni kweli kwa watu wanaotegeana kazi, lakini mkulima wa nyanda za juu za Uasin Gishu ajua pia kwamba panya wengi huchimba mbegu. Hupanda mahindi yake mwezi wa Machi au Aprili, mvua zinapoanza, na baada ya siku chache hukuta mstari mzima umefukuliwa, shimo baada ya shimo, kana kwamba mtu amepita na kijiti akitafuta kitu alichokizika. Hapo ndipo aendapo mjini Eldoret kununua sumu. Lakini liko swali ambalo yafaa liulizwe kabla fedha haijatoka mfukoni: je, panya hao ni wangapi?

Swali hilo si la mchezo. Ikiwa panya ni wachache, sumu ni fedha iliyotupwa, tena yaweza kumwua bundi na paka ambao wangalifanya kazi hiyo bila malipo. Ikiwa ni wengi mno, pakiti mbili tatu hazitafaa kitu, maana shamba litajazwa tena na panya wa jirani. Na ikiwa mkulima amengoja mpaka alipoona hasara kwa macho yake, mara nyingi panya wamekwisha kuzaa, naye yu nyuma yao kwa hatua nyingi.

Adui mkubwa miongoni mwao ni panya shamba, yule mdogo mwenye chuchu nyingi. Jike lake laweza kuwa na chuchu zipatazo 24, hubeba mimba muda wa siku 23 hivi, na kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja ni jambo la kawaida kwake. Katika hektari moja, yaani ekari mbili na nusu hivi, panya hawa huweza kuwa wachache sana msimu mmoja, na mamia kadha msimu mwingine. Wazee wa Kenya waliolima wakati ule hawakusahau mwaka 1962. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa ukame, kisha ukaishia kwa mvua kubwa na mafuriko. Baadaye panya wakafumka mashambani. Mtaalamu K. D. Taylor, aliyeandika habari za baa hilo mwaka 1968, alieleza kwamba mahindi yalipotea kiasi cha sehemu moja katika tano, na ngano ilipotea theluthi moja, na mahali pengine yote pia.

Basi panya watahesabiwaje, nao hutoka usiku na kulala mchana chini ya ardhi? Watu wengi hudhani kwamba idadi ya panya walionaswa mitegoni yatosha kuonyesha wingi wao. Sivyo. Yamkini usiku mmoja wa mvua panya hutoka kidogo, na usiku mwingine hutoka wengi, ingawa idadi yao haikubadilika hata kidogo.

Njia iliyo bora yaweza kujaribiwa nyumbani na mtoto wa shule. Na achukue debe lenye maharagwe asiyojua idadi yake. Atoe maharagwe 40, ayatie alama ya wino, ayarudishe debeni na kuyachanganya vizuri sana. Kisha afumbe macho, atoe maharagwe 50. Akikuta kwamba 10 kati ya hayo yana alama, yaani moja katika kila matano, basi yale 40 aliyoyatia alama nayo ni kama sehemu ya tano ya maharagwe yote. Debeni mna maharagwe yapatayo 200. Akipenda, na ayahesabu yote, aone jinsi hesabu yake ilivyokaribia kweli.

Hesabu hii ina sifa ya kale. Mwaka 1896 mtaalamu wa Denmark, C. G. J. Petersen, aliandika habari za samaki aliowatia alama na kuwarudisha baharini. Mwaka 1930 Frederick Lincoln wa Marekani alitumia njia hiyo hiyo kukadiria bata wa mwituni, kwa kuwavika pete miguuni na kungoja wawindaji walete habari za pete hizo. Bata hahesabiki angani, wala samaki hahesabiki majini. Lakini wote wawili walihesabiwa kwa alama.

Shambani kazi huwa hivi. Mitego 100 ya sanduku, ile inayomkamata panya akiwa hai, hupangwa kwa safu kumi zenye mitego kumi kila moja, na kati ya mtego na mtego huachwa mita 10. Chambo ni siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi. Asubuhi kila panya aliyenaswa hutiwa alama, kwa mfano kwa kupunguzwa manyoya ya mgongoni kwa mkasi, kisha huachiliwa pale pale aliponaswa. Usiku ufuatao mitego hutegwa tena. Hapana budi kazi hii ifanywe kwa glavu nene, na mikono ioshwe kwa sabuni baadaye, kwa kuwa panya na viroboto vyake huweza kuleta tauni na magonjwa mengineyo.

Ikiwa usiku wa kwanza walinaswa panya 40, na usiku wa pili walinaswa 50, karani yeyote aweza kumaliza hesabu hiyo kwa kalamu: 40 mara 50, gawanya kwa idadi ya wale waliorudi na alama. Hapo ndipo siri ilipo. Ikiwa waliorudi na alama ni 25, panya wote ni 80. Ikiwa ni 10, wote ni 200. Ikiwa ni wanne tu, wote ni 500. Mitego ni ile ile, na panya walionaswa ni 50 wale wale, lakini shamba la kwanza lina amani, na la tatu limo hatarini. Mtu aliyehesabu maiti za panya na kuzitupa hawezi kuyatambua mashamba haya matatu.

Hata hivyo hesabu hii ina masharti yake, na mwenye kuyapuuza hujidanganya mwenyewe. Kwanza, alama isipotee kabla kazi haijaisha. Pili, siku ziwe chache, ili wasizaliwe wengine wala wasihame wengi. Tatu, panya wote wawe na nafasi sawa ya kunaswa; maana yuko panya aliyeonja karanga ndani ya mtego akarudi kila usiku, naye hufanya idadi ionekane ndogo kuliko ilivyo; na yuko aliyeshtuka asikaribie tena, naye hufanya idadi ionekane kubwa. Nne, waliorudi na alama wasiwe wachache mno. Akirudi mmoja tu, hesabu itasema panya 2,000. Wakirudi wawili, itasema 1,000. Panya mmoja hawezi kuaminiwa kwa jambo zito namna hiyo, na kwa sababu hiyo wataalamu hutega usiku wa tatu, na wa nne ikibidi. Tena mitego ya pembeni huwavuta panya wa shamba la jirani; kwa hiyo wale 200 huenda wanaishi katika eneo kubwa kuliko hektari moja iliyotegwa.

Kazi hii ni ngumu hata hapa penye jua. Huko kaskazini ya mbali, katika nchi za baridi ziitwazo tundra, ambako miti haioti na theluji hufunika ardhi kwa miezi mingi, huishi mnyama mdogo wa jamii ya panya aitwaye lemingi. Theluji haimwui, bali humfunika kama blanketi. Chini yake hula, hujenga viota vya nyasi, na hata huzaa. Zamani watu wa Norwei walipoona wametokea wengi ghafula walisadiki kwamba wameanguka kutoka mawinguni. Leo wataalamu huwatega na kuwatia alama wakati wa kiangazi, na theluji inapoyeyuka hutembea kwa mistari iliyopimwa wakihesabu viota vilivyoachwa wazi juu ya ardhi. Wengine huangalia bundi mweupe wa huko: mwaka wa lemingi wachache, mara nyingi hatagi kabisa.

Mwaka 1924 Charles Elton wa Oxford alichapisha makala akionyesha kwamba wanyama hao hupanda na kushuka kwa zamu, kila baada ya miaka mitatu au minne hivi. Baadhi ya ushahidi wake haukutoka mitegoni, bali katika hesabu za ngozi za mbweha wa Kanada zilizokuwa zimewekwa na makampuni ya biashara. Mbweha hao hula lemingi, na makarani walioziandika ngozi hizo katika daftari za duka hawakujua kwamba walikuwa wakiandika habari za panya.

Mlima Elgon, ng'ambo ya Kitale, una kilele kipitacho mita 4,300, na huko juu usiku maji huganda. Mahali hapo ndipo panakaribia tundra kwa watu wa Eldoret. Hata huko wapo panya wanaokula nyasi. Lakini katika mashamba ya Uasin Gishu yuko mwingine ahesabikaye kwa alama za ardhi, naye ni fuko, mharibifu wa viazi. Kwa kuwa fuko huishi peke yake shimoni mwake, mkulima aweza kusawazisha vichuguu vyote jioni, na siku zifuatazo akaangalia ni mashimo mangapi yametoa udongo mpya. Hiyo nayo ni sensa, nayo haihitaji mtego.

Lakini hesabu ya siku moja ni kama picha moja. Faida kubwa hutoka katika hesabu zilizorudiwa. Huko Morogoro, nchini Tanzania, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao wa Ubelgiji, miongoni mwao Herwig Leirs, walitega panya shamba mwezi baada ya mwezi kwa miaka mingi. Wakagundua kwamba saa ya panya hawa ni mvua. Mvua ikinyesha na nyasi zikachipua, panya huanza kuzaa. Na mwaka ambao mvua za Novemba na Desemba huzidi kiasi, huanza mapema, na hatari ya kufumka huwa kubwa. Kwa hiyo mtu aliye na kipimo cha mvua na daftari aweza kuonywa miezi kadha kabla. Majira ya mvua ya Eldoret si yale ya Morogoro, na haifai kuchukua tarehe za huko na kuzipachika huku. La kuigwa ni daftari.

Kazi hii haimpasi mkulima mmoja peke yake. Wakulima wa Moiben, Soy au Ziwa, wakiwa katika chama chao cha ushirika, wangeweza kumwomba Bwana Shamba awafundishe, wakanunua mitego kwa pamoja, na kuchagua mmoja anayejua kuandika vizuri awe mwenye daftari. Mitego itegwe baada ya mavuno, na tena kabla ya kupanda, mahali pale pale na kwa idadi ile ile. Idadi ikiwa ndogo, na wafyeke magugu ya mipakani, waondoe mabua, wazibe ghala, na kutunza fedha zao. Idadi ikipanda, na waanze wote siku moja, kwa kuwa kidole kimoja hakivunji chawa, na shamba moja lililosafishwa katikati ya mashamba machafu hujaa tena upesi.

Mavuno ya Oktoba na Novemba huanza kulindwa kabla ya mbegu kutiwa ardhini, wakati panya wangali wachache. Mwenye kuijua idadi yao wakati huo anayo nafasi ya kuchagua la kufanya. Asiyeijua atajulishwa na panya wenyewe, asubuhi moja ya Aprili, atakapoutazama mstari wake wa mahindi.