Kulea watoto: kusoma tena kwa nini?



Dada mmoja alituletea matata yake. Ni mlezi, amekaa miaka nane na watoto wa njia katika nyumba moja ya malezi. Sasa anataka kurudi universite kufanya masteri. Baba yake, mzee wa kazi ya migodi, akamujibu: «Kusomea kulea batoto? Mama yako alikulea na diplome gani?»

Neno la mzee si bongo. Mama wengi wamelea vizuri bila karatasi. Lakini mama analea mtoto anayemjua toka siku ya kwanza. Dada huyu anapokea mtoto wa miaka kumi asiyemjua hata kidogo: alikuwa anaosha mawe kwenye mto, ndugu wakamfukuza kwa kusema ni mchawi, akalala njiani. Usiku anakojoa kitandani, mchana anaiba mkate na kuuficha chini ya matela. Ukimpiga, woga unazidi. Ukimhurumia tu, hujamsaidia bado. Sherti ujue kwa nini anaficha mkate: tumbo limeshiba, lakini njaa ya jana haijamtoka kichwani.

Tena, kazi hii ina sheria. Tarehe 10 Januari 2009 inchi yetu ilitoa sheria ya kulinda mtoto. Mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Tribinali za watoto ziliwekwa. Na mtu anayemsingizia mtoto uchawi anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka 3, na kulipa amande. Lakini nani atamweleza juji maisha ya mtoto? Ni mtu anayejua kusikiliza, kuandika dosie, na kutenga yale aliyoyaona na yale aliyoyasikia kwa watu. Hayo njo mambo ya kusomea.

Sasa, angalia vizuri kabla ya kulipa franga. Zamani tulikuwa na gradua ya miaka 3, kiisha lisanse ya miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, universite zetu zimeingia mpango wa LMD: lisanse miaka 3, masteri miaka 2, kiisha doktora. Kwa hiyo lisanse ya zamani na ya sasa zina jina moja, lakini hazilingani. Lubumbashi, kwa mfano, universite ina fakilte ya saikolojia na elimu ya malezi. Nenda kuuliza: diplome yangu inaniweka wapi? Masomo ni saa ngapi, nami niko kazini? Nani ataongoza memware yangu? Na kama ni universite ya mtu binafsi, uliza: serikali inaitambua?

Kijana, tuseme ukweli. Wengine wanasoma ili wakimbie watoto. Diplome ikipanda, wanatafuta ofisi na gari. Watoto wanabaki na mgeni mwingine, wao ambao wameisha kuachwa mara nyingi. Wewe usifanye vile. Waambie watoto siku ambazo hutakuwako, na siku ya kurudi, kisha urudi kweli. Memware yako itoke katika kazi yako: kwa nini mtoto tuliyemrudisha kwao anatokea tena njiani? Majina yao uyafiche. Ukimaliza, yale uliyoyapata uwaelezee walezi wenzako na wazazi wa kartiye, kwa maneno wanayoyasikia.

Na wewe baba, injinia akienda kusomea mawe tena, hakuna anayemcheka. Mtoto ni chini ya jiwe?

Yule mzee hajakubali bado. Lakini wiki iliyopita alimuuliza binti yake: «Kujiandikisha kule, ni franga ngapi?»

Tutaonana mwezi ujao.