Nyama ya Mawindo ya Gobore



Wiki hii tumepokea barua kutoka Keumbu, katika nchi ya Wakisii, iliyoandikwa na mzee wa Kiislamu ambaye hulipata jarida hili kwa mkono wa wakwe zake wa Mombasa. Mwanawe anaishi Minnesota, Marekani, jimbo ambalo Wakisii wengi wamehamia kwa masomo na kazi. Huko alinunua kwa mtu bunduki kuukuu ya kushindilia, ile inayotiwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, na msimu uliopita akampiga kulungu. Alipoileta nyama nyumbani, mkewe, binti wa Mombasa, alikataa kuipika. Alisema alisoma chuoni kwamba mnyama aliyeuawa kwa bunduki ni mzoga. Mume naye akasema alimtaja Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua, basi ni halali, na anayeikataa anamharamishia alichohalalishiwa na Mola wake. Nyama imo ndani ya friza mpaka leo, na kila mmoja amekwisha kuwapigia simu wazazi wake.

Mzee wetu anauliza mambo mawili. La kwanza, ni nani kati ya wawili hawa mwenye haki? La pili, mwanawe ameahidi kuja nyumbani na bunduki hiyo mwezi wa Desemba, ili baba na mwana wakawinde pamoja upande wa Trans Mara. Je, inafaa?

Wanazuoni wa usuli wanatufundisha kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Basi na tuanze na bunduki yenyewe.

Bunduki za kushindilia si ngeni kwetu watu wa pwani. Wazee wetu walizijua za mrao, za gumegume na za fataki, na Watanganyika wakaziita magobore. Katika karne ya 19 zilipanda bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu kupitia Tabora hadi Ujiji. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipozuia silaha za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya bara letu, uliacha mlango kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida, kwa masharti. Hata leo vijijini Tanzania gobore linajulikana, na mara kwa mara serikali huwataka wanaoyamiliki bila kibali wayasalimishe.

Ile ya kijana wetu ni ndugu wa gobore, ila umbo lake limebadilika. Katika bunduki ya zamani ya fataki, nyundo hupiga fataki iliyo ubavuni, na moto hulazimika kupinda kona kabla ya kuifikia baruti. Mwaka 1985 fundi wa Missouri aitwaye Tony Knight alitoa bunduki iliyoitwa MK-85, ambayo fataki imewekwa nyuma ya baruti kwa mstari mmoja na mtutu, ili moto uende moja kwa moja. Hakuwa wa kwanza kuliwazia jambo hilo, lakini ndiye aliyelieneza miongoni mwa wawindaji. Bunduki nyingi za aina hiyo za miaka ile ya mwanzo hutumia fataki ndogo iliyo wazi kwa hewa. Unyevu ukiingia, huenda isiwake. Juu ya hayo, mwindaji ana risasi moja tu. Akiikosa, sharti apime baruti upya, atie risasi, ashindilie kwa mdeki na kuvika fataki nyingine. Kazi hiyo humchukua hata mzoefu nusu dakika au zaidi, na mnyama hamngojei.

Sasa tuje kwenye fikihi. Neno letu bunduki limetokana na Kiarabu, na hapo ndipo penye mzizi wa ugomvi huu. Katika vitabu vya kale, bunduqa si silaha yenye mtutu. Ni kidonge cha udongo uliokaushwa, kilichokuwa kikirushwa kwa upinde. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277 Miladia, ametaja katika Minhaj kwamba mnyama aliyeuawa kwa bunduqa si halali, kwa sababu kidonge kile huua kwa uzito na kishindo. Hukumu hiyo imejengwa juu ya aya ya 3 ya Sura Al-Maida, inayomtaja mnyama aliyekufa kwa kupigwa miongoni mwa vilivyoharamishwa. Mwanafunzi wa chuo cha Mombasa au Lamu anayelikuta neno hilo, hali masikioni mwake bunduki ni silaha ya askari, ni wepesi kuipeleka hukumu ya kidonge cha udongo kwenye risasi.

Hata hivyo, tusimdhanie binti yetu kwamba ameteleza katika lugha tu. Miongoni mwa wanazuoni wa baadaye wa madhehebu yetu ya Shafi walioziona bunduki za baruti, wapo waliokataa mawindo yake, wakisema risasi nayo huua kwa nguvu ya msukumo na moto, wala haina makali. Basi aliloshika lina asili katika elimu.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Adi bin Hatim, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alimuuliza Mtume, rehema na amani zimfikie, juu ya kuwinda kwa kijiti kizito cha kurusha kiitwacho miradhi. Jibu alilopewa, kama lilivyopokewa na Bukhari na Muslim, linatofautisha hali mbili: kikimpata mnyama kwa ncha na kumtoboa, huliwa; kikimpata kwa ubavu na kumuua kwa uzito, haliwi. Hapa kipimo ni kutoboa. Kwa kipimo hicho Imam Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, alisema mawindo ya risasi ya baruti ni halali, kwa kuwa risasi hupenya mwilini na kutoa damu. Miongoni mwa Wamaliki wa baadaye pia wapo waliohalalisha, wakaeleza kwamba wa kale hawakuacha kauli juu yake kwa kuwa baruti ilizuka baada yao. Rai hii ndiyo inayofuatwa na wengi wa wanazuoni wa zama zetu, na mimi naiona kuwa yenye nguvu.

Basi nyama ile ya Minnesota ni halali, ikiwa masharti haya yalitimia.

Kwanza, risasi iwe imetoboa. Bunduki ya kushindilia iliyotiwa baruti ya kutosha humpenya kulungu bila shida kwa umbali wa yadi 100 au pungufu. Lakini anayepunguza baruti, au anayejaribu masafa ambayo risasi imekwisha kuchoka, anajiingiza katika shaka.

Pili, kumtaja Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua. Kwa Mashafi ni sunna iliyotiliwa mkazo. Kwa Wahanafi na Wamaliki ni wajibu, na aliyesahau husamehewa. Kwa Mahanbali ni sharti, hata kwa aliyesahau, kwa kauli yao mashuhuri. Mwindaji asiache. Na ikiwa fataki imelia bila baruti kuwaka, akavika nyingine, na aseme Bismillahi tena, kwa kuwa hicho ni kitendo kipya.

Tatu, amwendee mnyama bila kuchelewa. Akimkuta ana uhai uliotulia na wasaa wa kumchinja upo, lazima amchinje. Akimwacha afe mwenyewe, ni mzoga, hata kama risasi ilimpata barabara. Kwa hiyo kisu kikali kiunoni ni sehemu ya silaha yake. Akimkuta amekwisha kufa kwa jeraha lile, na yeye hakuzembea, basi huliwa. Na akimkuta amezama majini, asile, kwa kuwa hajui kama ni risasi iliyomuua au ni maji. Hilo nalo limo katika mafundisho aliyopewa Adi.

Nne, awe anawinda kwa ajili ya kula. Kumuua kiumbe kwa mchezo na kumtupa ni jambo lililokemewa.

Mwana wa Keumbu anaposema alitaja jina la Mwenyezi Mungu, amejibu sharti moja tu. Mzee amuulize na hayo mengine. Hasa amuulize alichokikuta alipomfikia mnyama, na alichokifanya.

Liko jambo jingine ambalo mke mwenye watoto ana haki ya kuliuliza. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kula kilicho halali na kilicho kizuri. Risasi nyingi za bunduki hizi ni za madini ya risasi tupu, na zikipiga mfupa humeguka vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwaka 2008 nyama ya kulungu iliyotolewa sadaka kwa masikini huko Minnesota na North Dakota ilipopimwa, baadhi yake ilikutwa na vipande hivyo. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Basi nyama iliyolizunguka jeraha ikatwe kwa upana na kutupwa, wala isisagwe. Na msimu ujao atumie risasi za shaba.

Ama silaha yenyewe ndani ya nyumba, baba amwusie mwanawe kama hivi. Isiwekwe ikiwa imeshindiliwa, wala fataki isikae karibu na watoto. Anayenunua bunduki kuukuu aingize mdeki mtutuni kwanza apime kina, kwani nyingi zimeuzwa na shehena ya zamani ingali ndani. Isitiwe kamwe baruti ya kisasa isiyo na moshi isipokuwa mtengenezaji wa bunduki hiyo ameruhusu waziwazi, kwa sababu mtutu waweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Na ioshwe siku ile ile iliyotumika, kwani masizi ya baruti nyeusi huila chuma, na kizibo cha nyuma kikishika kutu hakifunguki.

Nakuja kwenye swali la pili, nalo jibu lake ni fupi: hapana. Mwanao asije nayo.

Huko Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 haizihesabu bunduki nyingi za namna hii kuwa silaha za moto, na katika majimbo mengi mtu huinunua kama anavyonunua shoka. Kijana aliyeizoea hali hiyo anaweza kuifunga katika begi lake na kuitangaza uwanjani kwa moyo safi. Lakini Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, hutazama kama kitu kina mtutu na kinaweza kurusha risasi ya kuua. Haiulizi risasi imeingia kwa mbele au kwa nyuma. Akiingia nayo bila kibali amekwisha kutenda kosa, na Desemba yenu mtaimalizia kortini.

Hata kama angekuwa na kibali cha silaha, pa kuwinda hapana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwezi Mei 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imeendelea kuwalinda. Paa wa Trans Mara si wa Narok wala si wa Kisii. Ni amana ya umma. Muislamu anayeishi katika nchi yuko chini ya ahadi zake, maadamu hajaamrishwa kumuasi Mwenyezi Mungu. Kule Minnesota mwanao huwinda kwa leseni, katika msimu uliowekwa wa bunduki za kushindilia, unaoanza mwishoni mwa Novemba na kuingia Desemba. Kinachomhalalishia kule ni ruhusa ya wenye nchi, na ruhusa hiyo hapa haipo.

Mzee wangu, omogaka kama mnavyoheshimiana huko kwenu, naelewa kwamba unalolitamani si nyama ya paa. Unamtamani mwanao, mtembee naye siku nzima kama zamani. Hilo halihitaji bunduki. Migomba na chai ya Keumbu ipo, mbuzi wapo, na mtoto aliyekaa ughaibuni miaka mingi atafurahi baba yake akimkabidhi kisu na kumwambia achinje yeye.

Kuhusu mkaza mwana wako, hukumu yangu ni hii. Mume ale nyama yake ikiwa masharti yametimia, na aipike mwenyewe. Asimlazimishe mkewe, kwani mke ameshika kauli ya wanazuoni na amechagua kujihadhari na yenye shaka. Hakuharamisha kitu kwa matamanio yake. Na mke asiiite mzoga mbele ya watoto, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuwafundisha kwamba baba yao anakula haramu, nalo ni neno zito lisilo na hakika. Masahaba wenyewe walikhitalifiana juu ya nyama. Mtume, rehema na amani zimfikie, aliwekewa mbele yake nyama ya kenge wa jangwani, akaacha kuila kwa kuwa hakuizoea, na Khalid bin Walid akaila hali yeye anamtazama, wala hakumkataza. Hawakuondoka pale na chuki.

Wazazi wa pande zote mbili, wa Keumbu na wa Mombasa, nawaomba kitu kimoja: wanenu wakipiga tena simu juu ya friza ile, msiwe mawakili wa upande wowote. Wasomeeni majibu haya, kisha waacheni wakae chini wenyewe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Tukutane wiki ijayo, inshaallah. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.