Nani Atamwigiza Joker? Fanani, Hadhira na Suala la Usahihi wa Mhusika

1.0 Utangulizi

Wahakiki wengi wamezoea kuyaona mabishano ya mashabiki wa filamu kuwa ni porojo za barazani zisizostahili kushughulisha taaluma. Miongoni mwa mabishano hayo ni yale yanayozuka Marekani na kwingineko kila filamu mpya ya Batman inapotajwa, kuhusu nani anayestahili kumwigiza Joker, hasimu mkuu wa shujaa huyo wa hadithi za katuni. Makala haya yanadai kwamba mabishano hayo ni mjadala wa kinadharia kwa maana kamili ya neno hilo. Yanahusu maswali mawili: ni nini kinachomfanya mhusika abaki kuwa yeye yule anapopita katika miili na sauti za watu mbalimbali, na ni nani mwenye mamlaka ya kuamua? Inadaiwa vilevile kwamba mashabiki, ingawa hukosea mara nyingi katika utabiri wao, hawakosei wanapodai kusikilizwa.

2.0 Tatizo la Matini Asilia

Hoja inayorudiwa zaidi katika mabishano hayo ni kwamba mwigizaji fulani hafai kwa kuwa hafanani na Joker “wa kitabuni”. Hoja hii inachukulia kuwa ipo matini moja asilia ambayo kila uigizaji hauna budi kupimwa nayo. Historia ya mhusika huyu haiungi mkono dhana hiyo.

Joker alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1940, katika toleo la kwanza la jarida la Batman. Hata chimbuko lake lina utata, kwani Bob Kane, Bill Finger na Jerry Robinson walitofautiana kuhusu nani alibuni nini. Linalokubalika na wengi ni kwamba sura yake inahusiana na ile ya mwigizaji Conrad Veidt katika filamu bubu ya mwaka 1928, The Man Who Laughs, ambayo nayo ilitokana na riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1869. Kwa hiyo, shabiki anayekimbilia kitabu ili aukatae uigizaji fulani anakimbilia, bila kujua, uigizaji mwingine uliotangulia kitabu.

Aidha, katika The Killing Joke (1988), kitabu cha Alan Moore na Brian Bolland, mhusika mwenyewe anakiri kwamba huyakumbuka maisha yake ya awali kwa namna tofauti kila mara. Jina lake nalo ni la ile karata ambayo katika michezo mingi huweza kushika nafasi ya karata nyingine yoyote.

3.0 Kigezo Hufuata Utendaji

Iwapo hakuna matini asilia, mashabiki hupima kwa kigezo gani? Ushahidi unaonyesha kwamba hupima kwa uigizaji uliotangulia. Cesar Romero, aliyemwigiza Joker katika televisheni kati ya 1966 na 1968, alikataa kunyoa masharubu, ikabidi yapakwe rangi nyeupe juu yake. Hadhira iliyaona, na bado ilimkubali. Mwaka 1989 Jack Nicholson akawa mfano mpya, na kuanzia 1992 Mark Hamill akawa mfano mwingine katika katuni za televisheni, ambamo alikuwa na sauti tu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Heath Ledger. Alipotangazwa mwaka 2006, mashabiki wengi walipinga vikali, wakidai kuwa kijana aliyejulikana kwa filamu za mapenzi hangeweza kuubeba uovu huo. Ledger alifariki Januari 2008, kabla ya The Dark Knight kuonyeshwa, na mwaka 2009 akatunukiwa Oscar. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa kipimo cha wengine. Joaquin Phoenix, katika filamu ya 2019 iliyompatia Oscar mwaka uliofuata, alilinganishwa na Ledger kabla ya kulinganishwa na kitabu chochote.

Kwa mtazamo wa kiisimu, hali hii si ngeni. Kipo kitu kinachofanana na sifa bainifu za fonimu, yaani sifa ambazo zikiondolewa mhusika hupotea, na zipo sifa ambazo ni tofauti za kimatamshi tu. Suti ya zambarau ilidhaniwa kuwa ni sifa bainifu hadi Phoenix alipovaa nyekundu. Ngozi iliyogeuzwa nyeupe na kemikali ilidhaniwa hivyo hivyo hadi Ledger alipojipaka rangi usoni. Kinachosalia ni kicheko. Hata hivyo, kicheko chenyewe hakina umbo moja: cha Romero ni cha juu na cha furaha, cha Hamill hupanda na kushuka kulingana na hali ya mhusika, na cha Phoenix ni maradhi yanayomuumiza anayecheka. Kinachodumu ni uhusiano uliopotoka kati ya kicheko na jambo linalochekwa. Joker hucheka pale ambapo jamii inatarajia kilio.

4.0 Pingamizi Moja

Inaweza kudaiwa kwamba, kwa mantiki hii, mwigizaji yeyote angefaa, kwani kigezo kitamfuata. Dai hilo halina nguvu. Jared Leto alimwigiza Joker katika Suicide Squad (2016), na wahakiki na mashabiki wengi hawakuridhika. Uigizaji wake haukupata kuwa kipimo cha waliomfuata. Utendaji hupendekeza na hadhira huidhinisha, kama istilahi mpya ambayo huweza kusanifiwa kwa uangalifu wote na bado ikafia kamusini kwa kukosa wasemaji. Upinzani wa mashabiki, basi, ni sehemu ya utaratibu unaomweka mhusika hai.

5.0 Suala la Mamlaka

Hapa ndipo penye uzito wa suala zima. Mwaka 1988 kampuni ya DC iliwaruhusu wasomaji waamue kwa kura za simu za kulipia iwapo Robin, msaidizi wa Batman, afe mikononi mwa Joker au anusurike. Simu 5,343 zilitaka afe na 5,271 zilitaka aishi, na Robin akafa kwa tofauti ya simu 72. Tukio hilo ni la nadra. Kwa kawaida hadhira haiulizwi, kwa sababu mhusika ana mwenye mali. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani, inayolinda kazi za wakati huo kwa miaka 95, Joker wa mwaka 1940 hatakuwa mali ya umma kabla ya Januari 2036.

Tofauti na ngano za Abunuwasi ni bayana. Jina la mhusika huyo limetokana na mshairi wa Baghdad wa enzi ya Waabbasi, na pwani ya Afrika Mashariki humsimulia bila kuomba ruhusa ya yeyote. Msimulizi asiyefaa hupoteza wasikilizaji usiku uleule, na mwingine huanza. Shabiki wa Joker hana njia hiyo. Anaweza kulalamika tu, au kukataa kununua tiketi. Makelele yake ni sauti ya hadhira iliyonyimwa nafasi ambayo fasihi simulizi iliitambua tangu zamani.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Joker ni mhusika wa maandishi anayeishi kwa kanuni za masimulizi, huku akimilikiwa kwa kanuni za biashara. Hali hiyo inaitia mashakani desturi ya kutenganisha fasihi simulizi na fasihi andishi kwa kigezo cha uthabiti wa matini, desturi ambayo bado inafundishwa kana kwamba haina dosari. Ingefaa wanafunzi wa uzamili wayakusanye mabishano ya aina hii na kuyachambua kama data, kwa uangalifu uleule unaotumika katika kukusanya ngano. Atakayemwigiza Joker baadaye ataitwa asiyefaa na watu wengi kabla hajatamka neno. Baadhi ya watu hao ndio watakaomtumia yeye kumkataa atakayemfuata.