NENO KWA JAMAA: Ule mwenye kukulalisha, nani anamulipa?



Baba mumoja wa Likasi ametuandikia. Bibi yake alizaa kwa kupasuliwa na, Mungu asifiwe, mama na mutoto wako wazima. Lakini wakati wa kulipa fakitire, baba aliona mustari mumoja wenye neno "anestezia". Anauliza: "Muchungaji, munganga alipasua, nililipa. Dawa, nililipa. Kitanda, nililipa. Sasa hii ya usingizi ni ya nini tena? Si njo kutuibia?"

Barua yake ni ya heshima, na ulizo lake ni zuri. Nimeuliza watu wa kazi ile, nimesoma pia, na leo nitajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu nazani jamaa nyingi za migodi ziko na ulizo hilo hilo.

Tuanze na kazi yenyewe. Watu wengi wanawaza kwamba mwenye kulalisha anapiga sindano moja, kisha anatoka inje kuota jua. Sivyo. Mbele ya kisu kugusa ngozi, yeye njo anakuuliza: ulikula saa ngapi? Mama, usimufiche kama ulikula bukari asubui! Mutu akilazwa na tumbo lenye kujaa, chakula kinaweza kupanda na kuingia katika mapafu, na mutu anaweza kufa kwa hiyo hata kama munganga alipasua vizuri sana. Anakuuliza kama uko na pumu, kama moyo unakusumbua, kama ulipasuliwa zamani. Anapima damu. Anaangalia oksijeni iko, mashini ya kuvuta matapishi inatumika, na mupira wa kupumulisha uko karibu na mukono wake.

Kwa mama wa kuzaa, mara nyingi anapiga sindano ya mugongo. Mama anabaki macho, anasikia mutoto analia, lakini kutoka kiuno mupaka miguu hasikii maumivu. Ni jambo zuri, lakini lina hatari yake: nguvu ya damu inaweza kushuka mara moja, kwa dakika chache tu. Mutu akichelewa kuongeza maji na dawa, mama na mutoto wote wawili wako katika hatari. Kwa kijana mwenye shimo lilimuangukia, mwenye muguu umevunjika vibaya, mara nyingi wanatumia ketamine. Dawa ile mugonjwa anaendelea kupumua mwenyewe, na haiombi mashini nyingi, kwa hiyo lopitali zetu zinaipenda.

Sasa angalia: munganga macho yake yako kwenye kidonda, na ni lazima iwe vile. Nani anaangalia mutu? Ni ule mwenye kukaa upande wa kichwa. Anahesabu pumzi, anaangalia rangi ya midomo, anafuata kile kipimo cha kidole. Umeme ukikatika, yeye njo anafinya ule mupira kwa mukono, pumzi kwa pumzi, mupaka grupu iwake. Na kazi ikiisha, haendi. Anangoja mupaka ujue jina lako.

Katika Mwanzo sura ya 2, mbele ya Mungu kutoa ubavu wa Adamu, alimulaza kwanza usingizi muzito. Mwaka 1847, kule Scotland, munganga James Young Simpson alianza kutumia kloroformu kwa wamama wenye kuzaa, na wakati watu walimupinga kwa maneno ya Biblia, aliwajibu kwa mustari ule wa Adamu. Mimi ninaona alijibu vizuri.

Katika inchi yetu, wanganga wenye kusomea anestezia ni wachache sana, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Kwa hiyo mwenye kukulalisha, mara nyingi zaidi, ni muuguzi, ule wanaita kwa Kifaransa infirmier anesthésiste. Alisoma miaka yake kwenye ISTM au alifundishwa kazini na wakubwa wake. Katika lopitali nyingi za misioni na za zone, pengine wako wawili, pengine mumoja tu, na huyo mumoja anaitwa usiku, anaitwa Siku ya Mungu, anaitwa wakati mutoto wake mwenyewe ana homa.

Basi, kuhusu feza. Ili tuelewe ule mustari wa fakitire, twende mbali kidogo, mupaka Marekani, kwa sababu kule wauguzi wa kazi hii walipigania mustari huo kwa miaka mingi, na mambo yao yote yaliandikwa.

Mwaka 1877, katika muji wa Erie, Pennsylvania, sista mumoja, Sister Mary Bernard, alianza kulalisha wagonjwa. Yeye njo muuguzi wa kwanza mwenye kujulikana kwa kazi hiyo. (Ndiyo, sista Mukatolika. Sisi Waprotestanti tuseme ukweli: katika kutunza wagonjwa wamasista walitutangulia mara nyingi.) Siku zile wapasuaji walikuwa wanapatia kazi ya usingizi munganga kijana mwenye kujifunza. Lakini kijana yule alitaka kujua kupasua, basi macho yake yalikuwa kwenye kisu, na mugonjwa aliweza kukata pumzi bila mutu kuona. Wapasuaji wakachoka na vifo. Wakatafuta mutu mwenye kukubali kuangalia mugonjwa tu. Wakapata wauguzi. Kule Rochester, Minnesota, Alice Magaw alilalisha wagonjwa wa wale ndugu wawili Mayo, na mwaka 1906 alitoa hesabu ya watu zaidi ya 14,000, bila hata mumoja kufa kwa sababu ya dawa ya usingizi. Na vyombo vya siku ile munavijua: kitambaa usoni na chupa ya eteri!

Kazi ilipoanza kuwa na heshima na feza, mashitaki yalianza vilevile. Mwaka 1917 tribinali ya Kentucky ilitoa hukumu kwamba muuguzi Margaret Hatfield, mwenye kufanya kazi na mupasuaji Louis Frank, hakuvunja sheria. Mwaka 1934 wanganga wa California walimushitaki muuguzi Dagmar Nelson wakisema anafanya kazi ya munganga bila ruhusa. Mwaka 1936 tribinali kubwa ya California ikamupatia haki. Katikati ya mambo hayo, mwaka 1931, Agatha Hodgins wa Cleveland, mwenye alilalisha waaskari wenye vidonda kule Ufaransa wakati wa vita ya kwanza, alikusanya wauguzi wenzake wakaunda chama chao. Na chama hakikuomba feza tu. Mwaka 1945 kilianza kuwapimisha wanachama wake kwa mutihani. Mutu asiyeshinda hana cheti. Hapo walifanya jambo la akili: wakati unaomba watu wakuheshimu, uwaonyeshe kwanza kipimo chako.

Lakini kushinda kwenye tribinali ni jambo moja, kulipwa ni lingine. Mwaka 1965 serikali ya Marekani iliunda Medicare, bima ya wazee. Kutoka mwaka 1983 Medicare ilianza kulipa lopitali kwa forfait: bei moja kwa kila aina ya ugonjwa. Sikia sasa mutego ulikuwa wapi. Munganga wa anestezia alikuwa anatuma fakitire yake pembeni, inje ya forfait. Muuguzi alikuwa ndani ya forfait ya lopitali. Basi mukubwa wa lopitali anakaa na kalamu yake anahesabu: munganga hanilishi hasara, serikali inamulipa, muuguzi anakula katika bei yangu. Afanye nini? Hata kama muuguzi anafanya kazi safi na bei yake si kubwa, hesabu inamusukuma inje. Hakuna mutu alimuchukia. Ni namna tu karatasi iliandikwa.

Wauguzi waliona hatari hiyo mapema. Walienda kwa wabunge, wakafasiria, wakarudi tena. Kwanza walipewa njia ya muda, lopitali irudishiwe feza ya wauguzi wake inje ya forfait. Kisha mwaka 1986 sheria ilipita: muuguzi wa anestezia atakuwa na mustari wake mwenyewe, Medicare itamulipa kwa kazi yake. Sheria ikaanza kutumika tarehe 1 mwezi wa kwanza 1989. Kati ya wauguzi wote wa Marekani, wao walikuwa wa kwanza kupata haki ile.

Vita haikuisha. Kule, munganga mumoja akisimamia wauguzi, hata wane kwa mara moja, Medicare inagawanya malipo nusu kwa nusu. Muuguzi akifanya peke yake anapata bei yote. Tangu 2001 majimbo yanaweza kuomba lopitali zao zisilazimishwe kuwa na munganga wa kusimamia. Iowa ilikuwa ya kwanza, na leo ni zaidi ya 20. Lakini bima za watu binafsi zina mawazo yao: mwaka 2023 kampuni moja kubwa ilitangaza kwamba muuguzi akifanya peke yake itamulipa asilimia 85 tu. Wanganga wa kule wanasema walisoma miaka mingi zaidi, na kwa wagonjwa wa hatari sana ni vema wawe karibu. Sisemi hawana neno. Lakini kama ni kazi moja, mugonjwa mumoja, usiku mumoja, nami ninaona bei ifuate kazi, isifuate jina la mwenye kuifanya.

Turudi nyumbani. Munajua forfait, hata kama hamujui Medicare. Katika zone de santé nyingi mama analipa bei moja ya kuzaa kwa kupasuliwa. Katika migodi, kompani inapatana na lopitali, mutu wa kazi anakuja na bon yake, na mwisho wa mwezi kompani inalipa. Kwa uzazi, serikali ilianzisha matunzo ya bure kwa wamama, kwanza Kinshasa katika mwezi wa 9 mwaka 2023, kisha katika majimbo mengine, na serikali yenyewe njo inapaswa kulipa lopitali. Bure kwa mama ni jambo la kumushukuru Mungu. Lakini bure kwa mama haimaanishi bure kwa mwenye kukesha.

Kwa maana ndani ya bei moja, mwenye hana mustari wake anasahauliwa. Wauguzi wengi wa inchi yetu hawako kwenye listi ya mishahara ya serikali. Wanaishi na kile wanaita prime, yaani sehemu ya feza yenye wagonjwa walileta mwezi ule. Na wakati wa kugawanya, mara nyingi wanafuata cheo na miaka ya kazi, hawaulizi nani alikuwa kwenye kichwa cha mugonjwa saa nane ya usiku. Nini inafuata? Mutu anavumilia mwaka, miaka miwili. Kisha anafungua famasi yake, ao anaenda kuandikisha jina kwenye kompani apime presha ya madereva. Simulaumu, ana watoto wa kusomesha. Lakini siku ile mama analetwa kwenye pikipiki, mutoto amekwama, mupasuaji yuko, kisu kiko, na hakuna wa kulalisha. Wakati ule hakuna mutu atauliza mustari wa fakitire ulikuwa wa nini.

Yakobo katika sura ya 5 anasema juu ya mushahara wa wavunaji wenye ulizuiliwa, kwamba unalia mupaka kwa masikio ya Bwana. Tunapenda kuhubiri sura ile juu ya matajiri wa kompani. Sawa. Lakini lopitali nyingine ni za kanisa, na mimi nimeketi katika komite, ninajua feza ya kupaka rangi ukuta inapatikana kuliko ya kulipa watu.

Kwa ninyi wauguzi nina neno pia. Kuko wenye wanaomba matabishi kwa mulango wa blok, mbele ya jamaa yenye kulia, "muongeze kidogo nimulalishe vizuri". Kitu kile kinabomoa haki yenu yote, kwa sababu mukubwa akisikia anasema: wanajilipa tayari. Ombeni kwa karatasi, wote pamoja. Tangu mwaka 2016 kuko sheria ya Ordre ya wauguzi, mulango uko. Fanyeni kama wale wa Marekani: kamateni kaye, andikeni hesabu ya watu mulilalisha kila mwezi, usiku ngapi, wangapi waliamuka vizuri. Mukubwa anaweza kubishana na manunguniko, lakini kubishana na kaye yenye hesabu ni kazi nguvu.

Baba wa Likasi, jibu ndilo hili: mustari ule si wizi, kama uko kwenye fakitire yenye muhuri na wamekupatia risiti. Lopitali yenye kuuandika waziwazi inakuonyesha nani alifanya nini. Ulizo la kuuliza sasa ni kama feza ile inafika kwa mwenye kazi. Kama uko mujumbe wa sendika, wakati kompani inapatana na lopitali, muombe anestezia iandikwe peke yake. Kama uko katika komite ya lopitali, omba waonyeshe namna prime inagawanywa.

Na ninyi wauguzi wa usingizi wa Kolwezi, Likasi, Kambove, Kipushi na pahali pengine, tuandikieni: muko wangapi kwa lopitali yenu, munaitwa usiku mara ngapi kwa mwezi, na musaada gani munapata kwa usiku ule. Tutachapa bila jina lenu na bila jina la lopitali. Barua zifike mbele ya tarehe 15.