Maarifa ya bahari si mali ya maabara pekee

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii sisi huitamka kwa wepesi barazani na harusini, lakini tufikapo kwenye lango la chuo kikuu huiacha nje. Humo ndani tumezoea kuamini kwamba elimu hutoka kwa mwenye shahada ikamwendea asiyekuwa nayo, wala hairudi kinyume. Leo nataka kumpa msomaji mfano unaoipinga imani hiyo, nao ni wa matumbawe.

Wako wengi, hata miongoni mwa wakazi wa Pwani, wanaodhani kwamba tumbawe ni jiwe tu. Hawana lawama, kwa kuwa nyumba za kale za Lamu na Mombasa zilijengwa kwa mawe hayo hayo. Ukweli ni kwamba tumbawe lililo hai ni mkusanyiko wa wanyama wadogo mno wanaojijengea mifupa ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kuwatengenezea chakula. Maji yakipata joto kupita kiasi, urafiki huo huvunjika, mwani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe pe. Joto likiendelea, hufa kwa njaa.

Mwaka wa 1998 jambo hilo lilitufika, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ikaangamia. Mwezi wa Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba ulimwengu umekumbwa na janga hilo kwa mara ya nne. Mwamba unapokufa, samaki hukosa makao, mvuvi hukosa kitoweo, na ufuo hukosa ngao ya kuukinga na mawimbi.

Hata hivyo si matumbawe yote yanayokufa. Mawili yaliyo jirani katika mwamba mmoja yanaweza kupigwa na joto lile lile, moja likapauka na jingine likabaki na rangi yake. Ni kwa nini? Sehemu ya jibu imo katika jeni, yaani urithi ambao kila kiumbe hupokea kutoka kwa wazazi wake. Kazi ya kulitafuta jibu hilo hufanywa kwa kiasi kikubwa na wanafunzi wa vyuo vikuu wanaoandika tasnifu zao. Nao wana shida mbili. Ya kwanza ni kwamba safari za baharini zina gharama: mashua, mitungi ya hewa na vibali. Ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kutenganisha kazi ya urithi na kazi ya mazingira.

Hapa ndipo anapoingia mtu asiyetarajiwa. Katika nchi za Marekani na Ulaya wako watu wa kawaida, makarani, mafundi na walimu, ambao hufuga matumbawe majumbani mwao ndani ya matangi ya vioo. Hukata kipande, wakakibandika juu ya kijiwe na kumpa mwenzao, naye akikuze, akate tena, ampe wa tatu. Baada ya miaka kadhaa, tumbawe moja huwa limezaa vipande vingi vilivyotapakaa katika nyumba nyingi, na vyote vina urithi ule ule mmoja, mithili ya vijiti vya muhogo vilivyokatwa katika shina moja.

Kwa mwanafunzi wa jenetiki, hiyo ni hazina. Urithi ni mmoja, mazingira ni mbalimbali. Vipande viwili vya mama mmoja vikitofautiana rangi, atajua kwamba chanzo kikubwa ni taa, maji au chakula. Isitoshe, wafugaji wengi huweka daftari la joto, chumvi na chokaa ya maji yao kwa miaka mingi. Kipande kisichozidi ukucha, kikitiwa katika kichupa cha alkoholi kali, chatosha kutolewa DNA.

Wala haya si maneno ya kubuni. Mwaka wa 1999 watafiti wa Urusi walitangaza kwamba wamegundua protini zinazong'aa katika viumbe wa jamii ya matumbawe, na sampuli zao zilitoka katika matangi ya mjini Moscow. Protini nyekundu iliyopatikana humo hutumiwa leo katika maabara nyingi kumulika yanayotendeka ndani ya chembe hai. Mjini London nako, mnamo 2013, Jamie Craggs na wenzake katika akwariamu ya jumba la makumbusho la Horniman walifaulu kuyafanya matumbawe yazae tangini kwa kuiga majira ya joto, urefu wa mchana na mbalamwezi. Huo ni ustadi wa mlezi aliyekiangalia kiumbe usiku na mchana.

Najua kuna watakaopinga. Watasema kwamba tumbawe la tangini limepita mikono mingi hata haijulikani lilitoka bahari gani, na kwamba jina lake la sokoni si jina la kisayansi. Hoja hiyo ni ya kweli. Matokeo ya tangini ni mwanzo wa utafiti, na ni sharti yathibitishwe baharini. Wengine watauliza matumbawe hayo yalichukuliwa kwa nani. Swali hilo ni la haki pia, kwa kuwa mengi asili yake ni Indonesia na nchi nyingine za joto. Ndiyo sababu mkataba wa CITES unadai vibali matumbawe yanapovushwa mipaka, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka wa 2010, ambayo Kenya imeiridhia, inataka faida ya utafiti wa jeni igawanywe kwa haki pamoja na nchi yenye mali.

Sasa turejee nyumbani. Sisi hatuna wafugaji wengi wa matumbawe, lakini tuna watu wanaoujua mwamba kama wanavyozijua nyumba zao. Tuna mvuvi wa dema, nahodha wa mashua za watalii kule Kisite, na mzamiaji anayenasa samaki wa mapambo wanaopelekwa ng'ambo. Hao wanajua ni mwamba upi uliopauka mwishoni mwa kaskazi, na ni upi uliorudisha rangi baada ya bamvua chache. Mara nyingi mtafiti humkodi mtu kama huyo kwa siku moja, akamlipa ujira wa kuendesha mashua, wasionane tena. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, ikawekwa rafuni, na aliyeonyesha njia hatajwi.

Dhara la mwenendo huo ni kubwa kuliko kukosa adabu. Kule Wasini wanakijiji, akina mama wakiwemo, wamekuwa wakishirikiana na taasisi ya utafiti ya KMFRI kupandikiza vipande vya matumbawe palipoharibika. Kazi hiyo inastahili sifa. Lakini popote inapofanywa kazi ya namna hiyo, ni lazima ijulikane vipande vimetoka kwa mama mmoja au kwa mama hamsini. Vikiwa vya mama mmoja asiyestahimili joto, kaskazi moja kali yaweza kufagia jasho la miaka. Mpandaji hawezi kulijua hilo kwa macho, na mwanafunzi wa jenetiki hawezi kujua akachukue sampuli wapi bila ya mpandaji. Kila mmoja ana nusu ya jibu.

Kwa hivyo naviomba vyuo vyetu, hasa vile vilivyo Pwani, vitimize mambo matatu. Mwanafunzi wa bahari aketi kwanza na wavuvi na wapandaji kabla hajaingia majini. Aliyetoa sampuli au maelezo atajwe katika tasnifu kwa ridhaa yake, kama anavyotajwa profesa. Tena matokeo yarudishwe ufuoni kwa Kiswahili, ili aliyepanda ajue apande nini mwaka ujao.

Ikiwa mwanafunzi wa ng'ambo haoni haya kumwomba karani kipande cha tumbawe lake, wa kwetu ana udhuru gani wa kumpita mvuvi bila ya kumwuliza? Bahari inazidi kupata joto, nayo haitatungoja tumalize kubishana ni nani msomi na nani si msomi.